Wastani wa umri unasomwa vibaya

Ndugu Mhariri,

Husemwa kwamba babu zetu waliishi miaka 40 tu, nasi tunapita 60. Anayesema hivyo ameusoma wastani vibaya. Watoto wawili wakizaliwa, mmoja akafa kwa surua akiwa na mwaka 1 na mwenzake akafa na miaka 79, wastani wao ni 40, ingawa hakuna aliyekufa na miaka hiyo. Wazee walikuwapo tangu zamani. Lugha yetu isingehitaji neno kitukuu kama hakuna aliyewahi kumpakata.

Kilichobadilika zaidi ni utoto. Tanzania, utafiti wa afya wa 2004/05 ulikuta watoto 112 kati ya 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka 5. Ule wa 2022 ulikuta 43. Hapo kuna chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, chandarua chenye dawa, na maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi, inamdhuru mtoto.

Uzeeni, ushindi wa namna hiyo haupo. Ukishakuwa mtu mzima, hatari ya kufa huongezeka maradufu kila miaka 8 hivi. Jeanne Calment wa Ufaransa alifariki 1997 akiwa na miaka 122, na hadi leo hakuna umri uliothibitishwa kuupita wake. Saratani zote zikiondoka kesho tungeongeza miaka michache tu, maana mwili uleule uliochakaa unasubiriwa na kiharusi na figo. Hakuna kidonge cha "kurudisha ujana" kilichothibitishwa kuusogeza mpaka huo. Inauma kuona wastaafu wakimalizia pensheni kwenye vidonge hivyo.

Afadhali wapime presha. Mtu akae kimya dakika 5, ameegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Mkanda wa kipimo ukiwa mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Ikifika 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, hiyo ni presha. Wengi huacha dawa wakishajisikia vizuri, hali presha haiumi na namba imeshuka kwa sababu ya kidonge chenyewe.

Tunaomba kila zahanati ipewe mikanda ya saizi mbili, na dawa za presha zisikatike.

Wadau wa afya ya jamii,
Morogoro