Mazoezi ya Alhamisi: njia ya hewa baada ya kutoa mpira wa kupumulia

Ndugu wauguzi na wataalamu wa usingizi, habari za jioni.

Alhamisi saa 9:00 alasiri, katika chumba cha kuamkia wagonjwa, tutajizoeza kumsaidia mgonjwa ambaye njia yake ya hewa imeziba mara tu baada ya kutolewa mpira, iwe ulimi umeanguka nyuma au koo limejikaza. Tutaanza na kusukuma taya mbele, kufyonza makohozi na kumpa oksijeni asilimia 100 kwa barakoa iliyobana vyema, kabla ya kufikia propofoli (dawa ya usingizi) na saksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli). Kifua kinachohangaika bila sauti yoyote ni hatari kuliko mkoromo, kwa hiyo hapo tutakaa zaidi.

Wa zamu ya asubuhi, tafadhali andaeni mashine ya kufyonza. Naomba kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Jumatano saa 12:00 jioni.