Kifuniko cha begi pekee hakitoshi Kilimanjaro

Mhariri,

Wageni wengi wanaopanda Kilimanjaro wakati wa masika, Machi hadi Mei, hutegemea kifuniko cha mvua kinachovishwa begi kwa nje. Hakitoshi. Upande wa mgongoni hubaki wazi; maji hutiririka kutoka shingoni, hupenya kwenye mishono ya mikanda, kisha hutuama chini kabisa, pale pale wengi wanapoweka begi la kulalia.

Kinga ianzie ndani. Tandika mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji, mkubwa kuliko begi lenyewe: begi la lita 60 lipate mfuko wa lita 70 au 80. (Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, msije nayo.) Panga vitu, kamua hewa, kunja mdomo mara tatu au nne, ubane. Ukikunja mara moja tu, maji yanapita. Begi la kulalia la manyoya ya bata lipewe mfuko wake wa pili, kwani manyoya yakilowa hushikamana na joto huisha.

Koti lililolowa likae nje ya mifuko hiyo. Na mzigo anaobeba mpagazi ufungwe vivyo hivyo, nao unanyeshewa.

Mwongoza wageni,
Moshi