Mjomba, kimbunga kile hakikuwa uongo

Shikamoo, Mjomba. Simu zangu hupokei, lakini najua mdogo wangu atakusomea haya kwenye simu yake. Akusomee yote, asiruke.

Ugonjwa huu wa kutazama mbingu umenitia wewe. Bibi alianza, kwa kuhesabu umri wa watu kwa kimbunga cha Lindi cha Aprili 1952: huyu kazaliwa kabla, yule baada. Wewe ukanipeleka pwani alfajiri na giza lake, nione umande, ule upepo wa alfajiri utokao bara, unavyoisukuma ngalawa kutoka. Ukaniwekea kopo la Blue Band juu ya kisiki cha mkorosho nipime mvua kwa rula ya shule. Lilipotoboka kwa kutu ukanitafutia jingine. Chuo kikuu, Dar es Salaam, niliukuta umande wako umeelezwa kwa mistari miwili: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, basi hewa nzito ya bara huteremkia majini. Nilitamani kukupigia hapo hapo, kipindi hakijaisha.

Ndiyo maana Idi ile ya 2019 imenikaa kooni.

Aprili nilikupigia mara tatu kukuhimiza mhame, kimbunga Kenneth anakuja. Mkahama na watoto, na magodoro kichwani. Tarehe 25 akatua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara ikapona. Idi nikaja nyumbani. Mlikuwa barazani mnacheza bao, nami nimebeba sinia la pilau. Hukuinua hata macho, kete ziko kiganjani, ukasema: "Huyu ndiye aliyetukimbiza. Tumemsomesha kwa korosho, aje atutishe." Wazee wakacheka. Nikatua sinia, nikaingia ndani. Mama akaniambia ninyamaze, nikanyamaza.

Mjomba, sisi tunaosomea hali ya hewa hatuoni kijiji kitakachopigwa. Tunaona bahari imepata joto, tunaona mawingu yameanza kuzunguka, tunachora njia. Njia hiyo kwenye ramani hutanuka kadiri siku zinavyokwenda mbele, kwa sababu makosa nayo huongezeka. Mtwara ilikuwa ndani ya mchoro ule. Waliopigwa ni ndugu zetu, Wamakonde wenzetu, wenye makaburi huku na huku. Ulitaka nisubiri niwe na hakika, ndipo nikupigie? Ningekupigia uko wapi?

Wanasema nilikosa adabu kutofika harusi ya binti yako. Niliwaambia nina mtihani. Mtihani ulikuwa umeisha siku mbili kabla. Sikutaka kupita mbele ya baraza lile. Lakini nani alianza? Ungeniita pembeni ukanisema, ningekusikiliza. Siku zote nimekusikiliza. Kijana anayesomeshwa na ukoo hasemwi mbele za watu, Mjomba. Anavunjika.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na ninachochambua ni vimbunga hivi hivi vya pwani yetu. Mei 2024, Hidaya alipokuwa anakaribia, nilikupigia usiku kucha. Hukupokea. Akaishia huko kaskazini, Mafia. Wiki iliyofuata mdogo wangu akanitumia picha: ngalawa yako imevutwa mbali na maji, imefungwa kamba mbili kwenye mnazi, nyavu zimekunjwa ndani. Akasema uliivuta tangu Ijumaa mchana, ukawazuia na vijana wengine wasitoke.

Ulisikia, Mjomba. Mbona hukuniambia?