Nitakuja, lakini risiti iwe na jina langu

Wete, Jumatano usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa goti la mamaako. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ikilia tu mamaako anaiweka spika, na jirani wa kushoto na wa kulia wote wanakuwa na hisa katika mazungumzo. Barua hii nampa kijana anayeshuka na boti kesho, pamoja na halua. Halua ni yako. Mamaako anataka umegee msimamizi wako. Mimi nakwambia usimpe hata kipande, mpaka nije nile niondoke.

Habari ya kutualika chakula cha usiku hapo kazini kwako, hotelini Mji Mkongwe, tumeipata. Mamaako ameshaitangaza mpaka Jadida. Na mimi nimefurahi, usidhani sikufurahi. Ila kuna neno ulisema limenikaa kooni: "Bei msijali, mimi mtu wa ndani." Mtu wa ndani maana yake nini? Nimelala nalo siku tatu.

Mimi nitalipa mwenyewe, na ninataka risiti. Nimeshauza yule beberu. Hesabu iletwe mezani kama inavyoletewa meza nyingine, na oda iandikwe na mwenzako, si wewe. Siku hiyo jikoni usiingie kabisa. Kaa na sisi, au kaa nyumbani.

Utasema baba anakuza mambo. Hebu fikiri hiyo nyumba ya hoteli yenu zamani ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliyekodi forodha, yaani ushuru wa bandari, kwa Sayyid Barghash: anamlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kinachozidi kinabaki kwake. Mali ya bandari nzima ilipita mikononi mwake, na sijasikia aliyemwita mwizi, kwa sababu kulikuwa na mapatano. Wewe jiko hujalikodi. Umepewa ufunguo wa stoo tu. Miezi minane, na tayari ufunguo! Nilimwambia yule mwalimu wako wa skuli, akasema alijua. Hakujua lolote, lakini nimemwacha aseme.

Nasikia wageni wanavua viatu, wanakaa chini juu ya matakia, na siku nyingine wanapigiwa taarab. Basi Mzungu anatoa dola akae chini, na sisi tuliokaa chini umri wetu wote tunahangaika kununua makochi. Bei yenyewe umeificha. Nimemuuliza mtu wa utalii hapa, amenitajia, nikamwomba arudie. Mamaako hajui, na usimwambie, atakula nusu nusu. Yeye shida yake ni pweza: kama wanampika kwa nazi au wanamharibu kwa vitu vyao. Na anauliza kama ngazi zina pa kushika, maana nyumba hiyo anasikia inafuatia Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani, kwa urefu.

Kwa kuwa nimeitaja Beit al-Ajaib: Barghash aliijenga 1883, na Disemba 2020 upande mzima ukaporomoka watu wakiwa ndani. Nyumba za mawe na chokaa hazitaki ujeuri. Maji yakipata njia darini, boriti zinaoza kimyakimya huku chini mtu anapaka rangi. Wewe unayekwenda huko juu kila siku, angalia mvua ikinyesha. Ukiona doa, sema kwa mkubwa wako. Usiseme si kazi yangu.

Narudi kwenye risiti. Mkate wa siagi niliokuwa nikija nao kutoka kazini kila Ijumaa unaukumbuka, na yale mapaja ya kuku, sina haja ya kukuhadithia. Mlikuwa mkiambiwa ni bakshishi. Ilikuwa inabaki, kweli ilikuwa inabaki, chakula kizima kinamwagwa na wewe nyumbani una watoto wanne. Kila mtu akifanya. Lakini aliyefunguliwa mfuko mlangoni siku ile, mbele ya vijana aliokuwa akiwafundisha kushika sahani tatu kwa mkono mmoja, alikuwa mmoja tu. Watu walidhani amerudi Pemba kwa ajili ya mikarafuu ya urithi. Mikarafuu ilikuwapo, si uongo.

Basi. Hata ndimu. Hata kile kijiko cha plastiki. Mtu akikwambia chukua hii inatupwa, mwambie aandike.

Na si kwamba sikuamini. Wewe mkono wako ni msafi kuliko wangu, umefuata kwa mamaako. Ila wewe ni mpole, na mpole akipewa ufunguo watu wanamjia na maneno matamu. Dadaako nasikia kakuomba mafuta ya kupikia ya "makombo". Ndiyo, nimesikia. Kama huna pesa ya kumpa, mwambie huna. Halafu mpigie, tangu Idi hujampigia, analalamika kwangu kana kwamba mimi ndiye simu.

Karafuu mwaka huu si mbaya. Wachumaji wamepandisha malipo ya pishi, na tumechuma ule upande wa bondeni tu. Tumeanika kwenye majamvi, mvua ikaja adhuhuri bila salamu, tukakimbizana nayo mimi na mamaako na goti lake. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, tumeyaweka kando. Shirika linalonunua karafuu likishatulipa, nitatengeneza lile bati la jikoni, maana na mimi nina doa langu la kuangalia. Ule mkopo wako wa mwaka juzi usinirudishie sasa. Ungenirudishia ningeukataa, lakini hujajaribu.

Tutakuja Ijumaa, boti ya mchana kutoka Mkoani. Usitutafutie ya usiku ati ni rahisi. Tangu ile meli iliyozama usiku 2011 mamaako usiku hapandi chombo, na mimi simlazimishi. Tutafikia kwa ami yako Kikwajuni, Jumamosi uje kutuchukua mapema, nataka tupande ngazi polepole kabla watu hawajajaa. Mwambie mwenzako wa oda jina langu aliandike kamili, la baba na la babu, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Na kitu kimoja. Kwa kuwa tutavua viatu: soksi zangu zote dole gumba liko nje. Ukipita Darajani ninunulie jozi moja nyeusi, za kawaida tu. Nitakulipa nikishuka bandarini, kabla hatujafika kwa ami yako.

Babaako