Kabla hujapanda ndege ya Maskati

Mwanangu Salimu,

Assalaam alaykum. Nyumbani hatujambo, ila bibi yako na mguu wake.

Habari za mkataba wako kutoongezwa nimezipata kwa shangazi yako, si kwako. Nilipokuuliza ukanijibu kwa ujumbe: "Hilo haliko mikononi mwangu, Baba, nimeshalisahau." Na Jumamosi ndiyo unaondoka. Huko Maskati ukiumwa nitajuaje? Ukicheleweshewa mshahara nitajuaje?

Kile kitabu cha Epictetus, mwanafalsafa wa kale, ulichokiacha kwenye droo nimekisoma chote, na mistari uliyoipigia kalamu nimeiona. Mwalimu umempata. Mtu aliyezaliwa utumwani, kilema wa mguu, akafukuzwa Roma pamoja na wanafalsafa wenzake enzi za Kaisari Domitian, akaenda kufungua shule Nicopolis kule Ugiriki, huyo akituambia tutenganishe tunayoyaweza na tusiyoyaweza, tumsikilize. Mkataba hukuwa na uwezo wa kuuongeza, kweli. Lakini kunipigia simu uliweza, na hukupiga.

Umepigia mistari penye ukakamavu tu. Pale anaposema mtu asiwe hana hisia kama sanamu, bali atimize yanayompasa akiwa mwana, ndugu, baba na raia, umepapita. Na kile kisa cha ofisa ambaye bintiye aliugua sana, yeye akashindwa kumtazama, akaondoka nyumbani mpaka alipoletewa habari kwamba amepata nafuu. Epictetus hakumsifu. Alimuuliza: je, na mama yake, na yaya wake, nao wangekimbia? Hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Ulikuwa mdogo ulipolazwa na malaria, sijui kama unakumbuka ni nani aliyekesha nawe wodini.

Marcus Aurelius naye, Kaisari mzima wa Roma aliyefuata falsafa hiyo hiyo, alizika watoto wengi, na maandishi yake yanaanza kwa kuwashukuru waliomlea na kumfundisha, mmoja mmoja. Hakuona haya kuonyesha kwamba aliwahitaji.

Ada ya mdogo wako umeilipa bila kunung'unika, hilo naliona na najivunia. Ila kunyamaza kwako kunanitisha kuliko hata safari yenyewe. Hasira ukiizuia, vizuri. Hofu ukiipima kabla hujaiamini, vizuri zaidi. Ukiumia, piga simu. Hata usiku, piga.

Pasipoti usimwachie tajiri akuwekee. Toa nakala, moja umpe mama yako. Namba ya ubalozi wetu Maskati iandike kwenye karatasi, usitegemee simu peke yake.

Bati la jikoni limeanza kuvuja tena. Fundi nimemwambia asubiri mwisho wa mwezi, kwa hiyo usitume chochote kwa ajili hiyo. Mjomba wako anapanda basi la asubuhi Ijumaa, ana achari ya ndimu ya mama yako na yale mashuka. Mpokee stendi ya Magufuli, na uwahi, maana simu yake haikai na chaji.

Baba yako
Tanga