Barua ya wazi: Usimamizi wa setilaiti za jeshi haufanyiki kwa slaidi

Kwa Waziri Msaidizi wa Jeshi la Anga la Marekani, Ununuzi wa Mifumo ya Anga za Juu

Mheshimiwa,

Aprili 30, 1999, roketi ya Titan IV iliruka kutoka Cape Canaveral na setilaiti ya mawasiliano ya Milstar. Katika faili la programu ya Centaur, hatua ya juu ya roketi hiyo, namba iliyopaswa kuwa −1.992476 ilikuwa imeandikwa −0.1992476. Nukta ilisogea nafasi moja. Centaur ikapoteza hesabu ya mbingiriko wake, ikamaliza mafuta ya kujiweka sawa, na Milstar ikaachwa kwenye mzingo usiofaa kwa kazi yoyote. Zaidi ya dola bilioni moja ziliishia hapo.

Kukosea namba si ajabu. Kinachotusumbua ni kwamba kosa hili lilionekana. Wahandisi wa uwanja wa kurushia waliona kabla ya safari kuwa takwimu za mbingiriko hazikai sawa, wakauliza, na swali likakosa mwenyewe. Majaribio nayo yalitumia thamani za mfano, si faili lenyewe la safari. Kila mkaguzi alidhani mwenzake ameshaangalia.

Wiki tatu kabla, setilaiti ya DSP ya kutambua makombora ilipotea kwa sababu ya utepe. Utepe wa kuzuia joto uliozungushwa kwenye kontakta ulizuia plagi kuchomoka, na hatua mbili za roketi zikashindwa kuachana.

Hayo yalitokea katika miaka ambayo serikali ilikuwa imepunguza wahandisi wake na kumkabidhi mkandarasi jukumu zima la utendaji wa mfumo, kwa hoja ya kubana matumizi. Mwaka 2003 jopo lililochunguza ununuzi wa mifumo ya anga za juu, likiongozwa na Tom Young, lilieleza wazi kwamba gharama ilikuwa imechukua nafasi ya mafanikio ya kazi kama kigezo cha maamuzi. Mpango wa SBIRS, wa setilaiti za kutambua makombora, ulilelewa katika mazingira hayohayo: kandarasi ya 1996, setilaiti yake ya kwanza ya mzingo wa juu ikaruka Mei 2011, takriban miaka tisa baada ya muda uliopangwa.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni watu. Kila mpango mkubwa uwe na wahandisi wa serikali wanaokaa kiwandani, wenye haki ya kusoma data ghafi za majaribio ya mtikisiko na ya chumba cha ombwe, si muhtasari wa mkandarasi. Wasihamishwe kila baada ya miaka miwili. Wakae tangu mapitio ya usanifu hadi setilaiti ya kwanza ijaribiwe angani. Faili la namba za safari liandaliwe upya na timu ya pili isiyoona kazi ya kwanza, kisha faili hilohilo ndilo lijaribiwe. Kila hitilafu isiyoelezeka iwe na jina la mtu mmoja, na roketi isiruke kabla mtu huyo hajaifunga kwa maandishi. Usafi wa mabomba ya mafuta ukaguliwe kabla hayajafungwa: injini kuu ya setilaiti ya kwanza ya mawasiliano ya kijeshi ya AEHF, iliyorushwa Agosti 2010, haikufanya kazi, na ilishukiwa kuwa kitu kilichosahaulika kiwandani kiliziba njia ya mafuta. Injini ndogo ziliisukuma setilaiti hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi ikafika mahali pake. Iliokolewa kwa ustadi mkubwa, lakini ustadi huo haukupaswa kuhitajika.

La pili ni mifumo ya ardhini. GPS ina sehemu tatu: setilaiti, kituo cha kuiongoza na kipokezi mkononi mwa askari. Setilaiti ya kwanza yenye mawimbi ya kijeshi ya M, yaliyo magumu kuzuiwa na adui, iliruka Septemba 2005. Kandarasi ya mfumo mpya wa ardhini, OCX, ilitolewa 2010. Ukavuka kikomo cha gharama kilichowekwa na sheria 2016, na serikali ikaupokea 2025. Uhandisi wa mfumo ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, matakwa ya usalama wa mtandao yalieleweka kwa kuchelewa, na kasoro za programu ziliongezeka kuliko zilivyorekebishwa. Wakati huo setilaiti zilizidi kuzeeka angani na uwezo ambao haungeweza kutumika wote. Tunaomba sehemu zote tatu ziwe chini ya ratiba moja na msimamizi mmoja, na tarehe ya kukamilika ihesabiwe siku askari anapopata mawimbi, si siku roketi inaporuka.

Kuhusu fedha, jopo la Young lilipendekeza bajeti yenye uhakika wa asilimia 80, yaani yenye nafasi ya asilimia 80 ya kutosha. Bajeti ya asilimia 50 ni kurusha sarafu; mpango mmoja ukizidi, huchota fedha za jirani yake, naye akachelewa kwa kosa lisilo lake. Sheria ya Nunn-McCurdy, inayodhibiti ongezeko la gharama za mipango ya ulinzi, haitoshi kuzuia hilo. Inapima gharama ya kila kifaa, na kiwango chake kizito ni ongezeko la asilimia 25 juu ya makadirio ya sasa au 50 juu ya yale ya awali. Mpango unaweza kuchelewa miaka bila kuigusa. Mipango inayopitia njia ya haraka ya ununuzi, iliyoanzishwa na Kifungu cha 804 cha sheria ya ulinzi, haibanwi nayo kabisa.

Hatuombi ripoti nene. Ukurasa mmoja kila robo mwaka, uende na kwa Kongresi: akiba iliyobaki, kasoro za programu zilizofunguliwa na zilizofungwa, hitilafu zisizo na maelezo, na vipuri vilivyochelewa. Mstari wa kasoro zilizofunguliwa ukikaa juu ya ule wa zilizofungwa robo mbili mfululizo, wakaguzi huru waingie kiwandani ndani ya siku 30, kandarasi ikiwa bado ina fedha za kurekebishia.

Kwa heshima,
Wahandisi na wakaguzi wa mifumo ya setilaiti