Kuhusu kipindi cha Jumatano

Walimu wenzangu, habari za jioni. Jumatano tafadhali tusianze na kanuni ubaoni. Kila kundi lipewe uzi, mawe mawili ya uzito tofauti na swali moja tu: nini hufanya jiwe linaloning'inia libembee upesi zaidi? Wengi watasema uzito. Waacheni wapime muda wa mibembeo 10, wabadilishe jiwe, kisha wafupishe uzi. Hapo ndipo ubishi mtamu huanza, msiukate!

Halafu ule ugonjwa wetu (nami ninao) wa kuuliza na kujijibu. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi, aliona kuwa walimu husubiri jibu takriban sekunde 1; wakifikisha 3, majibu hurefuka. Hesabuni kimoyomoyo.

Asiye na saa ya kupimia aniambie kesho.